Jeraha na Dawa Yake

Hakuna mwanadamu aliyeishi duniani miaka mingi asiwe na kovu. Wako watu wasiopata kuugua homa ya maana, na wako wasiopata kulala hospitali hata usiku mmoja. Lakini mtu asiyepata kujikwaa, kujikata, kuchomwa wala kuungua hajazaliwa bado. Mtoto anayejifunza kutambaa huchubua magoti. Mkulima hukatwa na jembe lake mwenyewe, mpishi huunguzwa na chungu chake, na mvuvi hudungwa na mwiba wa samaki aliyemtafuta kwa taabu. Jeraha ni jirani wa kazi. Penye kazi hapakosi jeraha. Kwa hiyo elimu ya kuuguza majeraha si mali ya madaktari peke yao. Ni haki ya kila mtu, na kwa maoni yangu ni wajibu wa kila kijana aliyepata bahati ya kusoma.

Nasema hivi kwa sababu ya mambo mawili niliyoyaona kwa macho yangu. Nimeona jeraha kubwa, lililowatisha wote waliolitazama, likapona kwa majuma matatu na kuacha alama nyembamba kama uzi. Nimeona pia jeraha dogo, lisilotoa hata matone matatu ya damu, likauchukua uhai wa mtu. Tofauti ya jeraha lile na hili haikuwa bahati. Ilikuwa ni jambo lililofanywa, au lisilofanywa, katika saa za kwanza.

Waliotuachia lugha hii walikuwa na macho makali, wala hawakuliita kila pigo la mwili kwa jina moja. Mchubuko ni ngozi iliyokwaruzwa juu juu. Mkato ni kazi ya kisu, wembe au kigae. Mraruko ni nyama iliyopasuliwa ovyo, kama vile kwa seng'enge au kwa jiwe. Kuna tundu la msumari au mwiba, kuna alama ya meno, na kuna lengelenge la moto. Haya yote, yakiwa mapya, huitwa majeraha. Jeraha likikaa, likatoa maji au usaha, huwa kidonda. Na kidonda kikikua na kukomaa, mpaka mwenye nacho akazoea kuishi nacho, huwa donda. Ukiyatafakari maneno haya utaona kwamba yamepangwa kama ngazi. Jeraha lililotunzwa hushuka likawa kovu. Jeraha lililopuuzwa hupanda likawa kidonda, na kutoka kidonda likawa donda. Uuguzi wote, wa nyumbani na wa hospitali, ni kazi ya kulizuia jeraha lisiipande ngazi hiyo.

Katika kazi hii mwili ndio mganga wa kwanza. Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa chini ingefunika kati ya mita moja na nusu na mita mbili za mraba, nayo ni ukuta unaouzunguka mji. Nje ya ukuta kuna vijidudu vingi visivyoonekana kwa macho. Ukuta ukipasuka, mwili haungoji amri ya mtu. Mishipa midogo ya damu hujibana ili isivuje. Chembe ndogo zinazogandisha damu hukimbilia mahali pale zikashikana, na juu yake husukwa utando wa nyuzi nyembamba ulioziba tundu. Kisha chembe nyeupe za damu hufika, kama askari waliosikia mbiu, kuwala vijidudu na kuondoa nyama iliyokufa. Joto kidogo, uvimbe kidogo na maumivu ya siku mbili tatu za mwanzo ni vumbi la vita hivyo. Halafu nyama mpya, nyekundu na laini, huota kutoka chini, na ngozi mpya hutambaa kutoka kandoni mpaka pande mbili zikutane. Kovu hukaza polepole kwa miezi mingi, ingawa halirudii kamwe nguvu yote ya ngozi ya asili. Muuguzi mwema ni yule aujuaye mpango huu, akausaidia. Muuguzi mbaya ni yule anayeuvuruga kwa haraka na kwa dawa zisizohitajiwa.

Mwalimu wangu wa kwanza wa jambo hili alikuwa baba yangu, naye hakuwa daktari. Alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa uani mwa nyumba yetu, katika mji mdogo wa pwani kaskazini ya Malindi. Misumeno, randa, patasi na tezo zake zilikuwa kali siku zote, kwa kuwa alisema chombo butu huteleza, na chombo kitelezacho hukata mkono badala ya ubao. Siku moja mwanafunzi wake mmoja alitelezwa na patasi, ikampasua kiganja. Damu ilimwagika juu ya maranda mpaka sisi watoto tukalia. Majirani walikuja na huruma zao: mmoja alileta unga wa kahawa, mwingine mafuta ya taa, wa tatu alikuwa amekusanya utando wa buibui kutoka pembe za nyumba. Baba aliwashukuru wote, asipokee hata kimoja. Alitwaa kitambaa kilichofuliwa, akakikunja, akakiweka juu ya jeraha, akakikandamiza kwa nguvu, na mkono wa kijana akauinua juu kuliko kifua. Akatuamuru tuhesabu. Kwa muda wa dakika kumi hakufunua hata mara moja kuchungulia.

"Ukifunua," alituambia, "unaivunja kufuli ambayo damu imejifungia."

Damu ilipotulia alilifunga jeraha, akampeleka kijana zahanati, akashonwa siku ile ile. Hilo ndilo jeraha kubwa nililolitaja mwanzo.

Miaka mingi baadaye nilisoma vitabu vya huduma ya kwanza, nikaona kwamba seremala yule alikuwa amefuata kanuni zote za mkato. Kandamiza moja kwa moja juu ya jeraha, inua kiungo, usichungulie. Kitambaa cha kwanza kikilowa, ongeza cha pili juu yake bila ya kukibandua cha kwanza. Ikiwa kisu au kijiti kimebaki ndani ya mwili, usikichomoe, kwa maana huenda ndicho kilichoziba mshipa. Kandamiza pembeni mwake, umpeleke mgonjwa kama alivyo. Damu iliyo nyekundu sana, inayoruka kwa mapigo, na isiyozuilika kwa kukandamizwa, ni hatari ya dakika, si ya saa. Hapo ndipo pekee panapofaa kukaza kitambaa kipana juu ya jeraha la mkono au mguu, na wakati wa kukaza ukumbukwe ili daktari aambiwe. Mkato ulioachama midomo, au uliofika kwenye mfupa, au uliokiacha kidole bila ya hisia au bila ya nguvu ya kujikunja, si wa kufungwa nyumbani. Huo ni wa daktari, na ni wa leo, si wa kesho.

Mchubuko haumwagi damu nyingi, na kwa hiyo hudharauliwa. Siku hizi barabara zetu zimejaa pikipiki, na abiria wa bodaboda akianguka juu ya lami huinuka na goti au kiwiko kilichosagwa pamoja na mchanga. Hapo dawa kubwa ni maji. Kwanza anayeuguza anawe mikono yake mwenyewe. Kisha jeraha lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka, yaliyo safi ya kunywewa, na ngozi ya kandokando isuguliwe kwa sabuni. Mchanga utolewe wote, kwa sababu mchanga uliobaki huleta usaha, na hata jeraha likipona huacha madoa meusi chini ya ngozi kama chale. Watu wengi hupenda kumimina spiriti ndani ya jeraha na kuufurahia ukali wake, wakidhani kwamba dawa isiyouma haiponyi. Ukweli ni kwamba spiriti huiunguza nyama changa ile ile inayojaribu kuota.

Wengine husema jeraha liachwe wazi "lipigwe upepo" likauke. Mwaka 1962 mtaalamu mmoja wa Uingereza, George Winter, alionyesha kwa majaribio juu ya ngozi ya nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu huota ngozi mpya upesi kuliko jeraha lililoachwa likauke na kufanya gaga. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Ngozi mpya hutambaa. Na mtambazi huenda kasi juu ya ardhi laini kuliko juu ya miamba. Basi jeraha safi lipakwe mafuta mgando kidogo, lifunikwe kwa kitambaa safi, na kitambaa kibadilishwe kila kinapolowa au kuchafuka.

Sasa nije kwenye jeraha dogo. Jirani yetu alikuwa na mwana, mwenzangu wa kucheza, mwepesi wa mbio kuliko sisi sote. Alikanyaga msumari katika zizi la mbuzi. Aliuchomoa mwenyewe, akacheka, akaendelea kucheza. Tundu lenyewe lilijifunga kabla ya jua kuchwa. Siku ya nane alilalamika kwamba taya zake zimekaza na hawezi kufungua kinywa kula. Siku iliyofuata shingo na mgongo vilipindika kama upinde, na kila kishindo cha mlango kilimtia mshtuko wa mwili mzima. Alipelekwa hospitali, lakini hakurudi. Mama yake aliendelea kuviweka viatu vyake kizingitini kwa muda mrefu.

Ugonjwa ule huitwa pepopunda, na kwa jina lake wako waliodhani ni pepo kweli. Kisababishi chake ni bakteria anayeishi ardhini na katika samadi, anayeweza kujifungia ndani ya ganda gumu na kungoja miaka. Hapendi hewa. Kwa hiyo jeraha linalompendeza si lile pana linalomwaga damu, bali ni tundu jembamba na refu lililojifunga juu, kama la msumari au mwiba. Humo hutoa sumu inayoshika neva na kukaza misuli. Dalili huanza aghalabu kati ya siku ya tatu na ya ishirini na moja. Watu huilaumu kutu, lakini kutu haina kosa. Kosa ni la udongo ulioshikamana na msumari, na msumari mpya uliolala zizini unaweza kuua sawasawa na ule wa zamani.

Kinachonihuzunisha ni kwamba ugonjwa huu una kinga ya hakika. Watoto wa Kenya hupewa chanjo yake wakiwa na umri wa majuma 6, 10 na 14, na mama wajawazito huchanjwa ili watoto wao wasizaliwe bila ya ngao. Kwa sababu hiyo hiyo kitovu cha mtoto mchanga hakipakwi udongo wala samadi. Lakini nguvu ya chanjo hupungua kwa muda. Mtu akichomwa na kitu kichafu, aoshe tundu kwa maji na sabuni, kisha aende zahanati aulize habari ya sindano ya pepopunda, hasa ikiwa imepita zaidi ya miaka mitano tangu achanjwe. Asingoje maumivu. Pepopunda haipigi hodi mlangoni.

Kuna mgeni mwingine wa miguuni anayestahili kutajwa. Funza, yule kiroboto anayejichimbia katika vidole na nyayo, hakuwa mwenyeji wa bara letu. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 alishuka Angola pamoja na mchanga wa meli, akasafiri juu ya miguu ya watu, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha fika Afrika Mashariki. Kila funza huacha tundu, na tundu ni mlango wa usaha na wa pepopunda. Sindano moja isitumiwe na watu wawili kuwachokoa, maana sindano hiyo huweza kuhamisha magonjwa ya damu. Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji na kufagiwa, miguu ioshwe kila siku na kuvishwa viatu. Na mwenye funza asichekwe; anayemcheka humfanya ajifiche.

Juu ya majeraha ya moto kuna methali isemayo, "Dawa ya moto ni moto." Methali hiyo ina maana yake katika mambo ya watu, lakini haikutungwa kwa ajili ya ngozi. Hata madaktari walipata kupotea njia hiyo. Katika karne ya 16, madaktari wa vita wa Ulaya walikuwa wakimimina mafuta yanayochemka ndani ya majeraha ya risasi, wakiamini kwamba baruti ni sumu inayohitaji kuunguzwa. Daktari mmoja wa Ufaransa, Ambroise Paré, aliishiwa na mafuta katikati ya vita. Akachanganya ute wa njano wa yai, mafuta ya waridi na tapentaini, akawapaka waliobaki. Usiku ule hakulala kwa hofu kwamba atawakuta wamekufa. Asubuhi aliwakuta wametulia, ilhali wale waliomiminiwa mafuta ya moto walikuwa na homa, uvimbe na maumivu makali. Tangu siku hiyo aliiacha desturi ile. Namsifu kwa sababu aliyaamini macho yake kuliko mazoea ya wakubwa wake.

Dawa ya moto, vijana, ni maji. Mtu akimwagikiwa na chai au uji, au akiangukia jiko la makaa, sehemu iliyoungua iwekwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Pete, bangili na nguo zivuliwe kabla ya uvimbe, isipokuwa nguo iliyogandamana na ngozi. Barafu isitumiwe, kwa maana nayo huunguza kwa namna yake. Dawa ya meno, siagi, unga na yai zibaki mahali pake jikoni. Zikipakwa hufungia joto ndani, na daktari atalazimika kuzibandua kwa maumivu mapya. Malengelenge yasitumbuliwe, kwani ngozi ile ni kifuniko safi kilichotengenezwa na mwili wenyewe. Baada ya maji, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi kisicho na manyoya, au kwa karatasi safi ya nailoni. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni kama sehemu moja katika mia ya mwili wake. Kuungua kulikozidi ukubwa huo, au kwa uso, mikono, viungo vya kujikunja na sehemu za siri, au kwa umeme, au kwa mtoto mdogo, ni kwa kupelekwa hospitali.

Alama ya meno ina hatari zake. Mbwa, paka, popo au mnyama wa mwitu akimng'ata mtu, jambo la kwanza ni kuliosha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo tu. Jambo la pili ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na kuimaliza sindano kwa sindano kama ilivyoagizwa. Virusi vya ugonjwa huu hupanda polepole kwa njia ya neva kuelekea kwenye ubongo, na dalili zikianza karibu kila mgonjwa hufa. Lakini ule mwendo wa polepole ni nafasi tuliyopewa. Tarehe 6 Julai 1885 Louis Pasteur wa Ufaransa aliitumia nafasi hiyo alipomchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto alipona, akaishi mpaka utu uzima.

Nyoka naye asishindwe kwa ushujaa. Aliyeumwa na kifutu au fira asikatwe chale, asinyonywe sumu, wala asifungwe kamba ya kukaza. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, kifungwe ubao kama kilichovunjika, na abebwe upesi kwenda hospitali yenye dawa ya sumu. Fira akitema machoni, macho yaoshwe kwa maji mengi. Kumtafuta nyoka ili auawe ni kupoteza wakati, na mara nyingi ni kupata mgonjwa wa pili.

Pengine utauliza ni kwa nini maneno yangu yote yanarudi kwenye usafi. Jibu lake ni la zaidi ya karne moja na nusu. Tarehe 12 Agosti 1865, katika mji wa Glasgow, mtoto wa miaka 11 aitwaye James Greenlees alikanyagwa na gurudumu la mkokoteni, mfupa wa mguu ukavunjika na kuchomoza. Majeraha ya namna hiyo yalikuwa yakioza, na mguu kwa kawaida ulikatwa. Daktari Joseph Lister, aliyekuwa amesoma maandishi ya Pasteur juu ya vijidudu, alilifunika jeraha kwa kitambaa kilichochovywa katika asidi ya kaboliki. Halikuoza. Mtoto alitoka hospitali kwa miguu yake miwili. Kabla ya hapo watu waliamini kuwa usaha ni hatua ya lazima ya kupona. Baada ya hapo ilijulikana kwamba usaha ni dalili ya adui aliyeingia.

Basi tuzijue dalili za adui huyo. Maumivu yanayozidi baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, uvimbe unaotanuka, joto, usaha, harufu, homa, na mstari unaopanda kutoka kwenye jeraha kuelekea kwapani au kinenani. Vitabu vingi hutaja wekundu, lakini juu ya ngozi nyeusi wekundu haujidhihirishi upesi. Mguse mgonjwa kwa upande wa nyuma wa mkono, ulinganishe joto la mahali pale na la mahali penye uzima. Ukiziona dalili hizo, nenda kwa daktari. Usifungue kapsuli ukamwaga unga wake juu ya kidonda, kama wafanyavyo wengi, wala usinunue vidonge viwili vya kukisia dukani. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 kwamba dawa hiyo ikitumiwa kidogo kidogo itawafundisha vijidudu kuishinda. Onyo hilo limetimia, na sisi tunaishi ndani ya kutimia kwake.

Sisemi kwamba wazee wetu hawakujua lolote. Mgala muue na haki mpe. Asali waliyoitia vidondani imechunguzwa, na leo hospitali nyingine hutumia asali iliyosafishwa kwa ajili ya uguzi huo. Lakini asali ya hospitali si ile ya chupa ya sokoni, na hekima ya mzee si kila kitu kilichofanywa na mzee. Tuchague kwa akili, tusikatae kwa kiburi wala tusipokee kwa woga.

Limebaki donda, na katika habari hii sina budi kurudi kwa baba yangu. Alipozeeka alipata ugonjwa wa sukari. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka huharibu mishipa midogo ya damu na kuzifisha neva za miguu, hata mtu akakanyaga kaa la moto asijue. Kibanzi cha mbao kiliingia chini ya kidole chake. Hakukisikia. Alipokiona, kilikuwa kimekwisha fanya kidonda. Naye alikifunga kwa kitambaa, akakivisha soksi, akatuambia anaumwa na baridi. Yeye aliyefunga mikono ya watu thelathini hakutaka kumsumbua mtoto wake hata mmoja. Tulikijua kidonda kile kwa harufu yake, baada ya mwezi. Madaktari walikata vidole viwili ili kuuokoa mguu, na mguu uliokolewa. Nilipomwuliza kwa nini alinyamaza, alinijibu, "Maumivu ni mjumbe, mwanangu. Mjumbe wangu alikufa njiani, nami nikadhani hakuna vita."

Maneno hayo nimewapa wengi. Mwenye sukari asingoje mjumbe. Ajitazame nyayo kila jioni, na ikiwa macho yake hayafiki, amwombe mjukuu amtazamie. Asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba. Na kwa mtu yeyote, kidonda kisichofunga baada ya majuma machache kina sababu iliyojificha mwilini, nayo haiondolewi kwa kubadilisha kitambaa.

Katika yote niliyoyaona, adui mkubwa wa majeruhi si vijidudu wala ufukara. Ni kuficha. Mchezaji huficha goti lililovimba ili asiachwe katika timu. Mtoto huficha alama ya mbwa kwa kuogopa fimbo. Mzee huficha kidonda kwa kuona haya. Nyumba au shule ambayo majeruhi hugombezwa kabla ya kuoshwa hufundisha watu kuficha, na jeraha lililofichwa hupanda ngazi gizani. Basi mwenzako akija na damu mkononi, maswali yangoje. Jikinge wewe kwanza kwa mipira ya mikono, au kwa mfuko safi wa nailoni, kwa kuwa damu ya mwingine ni ya kuheshimiwa. Kisha fanya yale uliyojifunza. Sabuni, maji, vitambaa vilivyofuliwa, bendeji, mkasi na mafuta mgando vikiwekwa pamoja katika kisanduku kimoja, gharama yake si kubwa, na kila nyumba inaweza kuwa nacho. Kisicho katika kisanduku ni utulivu wa mkono na upole wa ulimi, na hivyo havinunuliwi. Kila mtu ni lazima aviweke akiba ndani yake mwenyewe, kabla ya siku ya kuhitajiwa.